Ngoma ya Masunga Ofisini

Kile chumba hakipo tena. Mahali pake pamejengwa ghala la bati, na wapitao siku hizi kuelekea stesheni ya Shinyanga hawajui kwamba hapo, miaka ya hamsini mwanzoni, gazeti la wilaya lilikuwa likitungwa na mtu mmoja mpole aitwaye Selestine, mwana wa Masunga, mzaliwa wa Kagongwa.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Bwana Shauri, Mzungu kijana wa pale boma, ndiye aliyemtoa darasani akampa taipureta, mashine ya kudurufu, tarishi mtu mzima aitwaye Mageni, na chumba kilichokuwa stoo ya mbegu za pamba. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Gazeti lisijae matangazo ya serikali. Lijae nyimbo na hadithi za watu wenyewe. La sivyo, kiangazi kikiisha litafungwa, na Selestine atarudi kufundisha hesabu. Naye tangu utotoni alikuwa ametaka kazi moja tu duniani, kazi ya maneno.

Chumba chenyewe kilikuwa na chokaa iliyobabuka na harufu ya mafuta ya mbegu.

"Humu hata nzi hawezi kutunga wimbo," Mageni alisema siku ya kwanza.

Selestine aliamua kukipamba. Alitaka mtu akiingia ulimi wake ulegee wenyewe, kama unavyolegea kwao jioni baada ya kula. Benchi alilitoa nje, kwa kuwa benchi ni la mahakamani, akaleta vigoda. Karibu na mlango aliweka mtungi wa maji na kata yake. Mkewe Klara, mtu wa Nyasubi, alikuja na udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi, akazipaka kuta kwa vidole, mawimbi juu ya mawimbi, vile bibi yake alivyokuwa akiipaka nyumba kila baada ya mavuno. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akafuta mikono kwenye kaniki yake, akasema, "Sasa pana mtu humu."

Lakini ukuta wa nyuma ya meza Selestine aliuacha kwa makusudi. Alipanda lori hadi Kagongwa, kwa shangazi yake, akateremsha darini ngoma ya marehemu baba yake pamoja na kilemba cha manyoya ya mbuni, akaja akavitundika pale.

Masunga alikuwa manju, kiongozi na mtunzi wa ngoma. Mwanawe, aliyelelewa na mapadri, hakuruhusiwa kuikaribia. Aliisikia kwa mbali tu, sauti ikivuka mashamba ya mtama, huku yeye amepanga mstari na wenzake akibana midomo kama anasali. Sasa kila asubuhi, kabla ya kufungua taipureta, alikuwa akiitazama ngozi ile iliyolainishwa na viganja vya baba yake, na maneno yalikuja. Hakuwa amewahi kuandika vizuri kama wiki zile.

Tatizo ni kwamba aliandika peke yake. Watu walifika mlangoni, wakabisha hodi, wakaamkia "Mwangaluka" kwa adabu zote, wakachungulia ndani, kisha wakakumbuka wana ng'ombe wa kununua. Wachache walioingia walileta nyimbo za upande mmoja tu wa ngoma. Bwana Shauri alipopita alizisifu sana rangi za ukutani, kisha akauliza, "Lakini watu wako wapi, Selestine? Mvua si mbali."

Alipoondoka, Selestine akamgeukia Mageni. "Tumewakosea nini?"

Mageni alijikuna shingo. "Mwalimu, ile ngoma ni ya Wagika."

Hakuhitaji kuongeza neno. Usukumani mtu alikuwa Mgika au Mgalu kabla hajawa kitu kingine. Baada ya mavuno pande hizo mbili zilicheza uwanja mmoja zikitazamana, na upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kila manju alitia dawa ndani ya ngoma yake ili iwavute watazamaji na kuzinyonya nyimbo za mpinzani. Haya yote Selestine aliyajua kama anavyojua jina lake. Ila alidhani ngoma ikishatundikwa juu ya taipureta inakuwa pambo. Kwa Mgalu, kuja kuimba chini yake kulikuwa kumkabidhi adui koo lako.

"Mbona hukuniambia?"

"Mimi ni Mgika, Mwalimu," Mageni akasema kwa unyenyekevu. "Nilikuwa nafurahi."

Siku ya gulio Selestine alimfuata Maige, manju mkubwa wa Wagalu, akamwamkia na kumsihi aje ajionee. Mzee akaja mpaka kizingitini, akasimama hapo na fimbo yake.

"Ina dawa?"

"Sijui, baba. Nilibatizwa. Hakuniambia."

"Alifanya vizuri. Ungeenda kuungama."

Selestine aliona kiangazi chake chote kikimponyoka. Akachukua kisu cha kukatia karatasi, akaishusha ngoma. "Naipasua uone mwenyewe."

"Weka kisu," Maige akasema. "Mimi na baba yako tulishindana Geita, kwenye kambi ya wachimbaji wa dhahabu, mpaka siku ya pili mgodi ulikosa watu. Niliitamani sana ngozi hiyo ipasuke. Haikupasuka. Leo uje uipasue wewe, kwa ajili ya makaratasi?"

"Basi nifanye nini, baba?"

"Mrudishe mzee nyumbani. Mtoe taratibu. Akipita hapa mimi nitatazama kule."

Akageuza uso kuelekea relini. Selestine aliitoa ngoma mwenyewe, ameikumbatia kifuani, kilemba kikiwa juu yake, na Mageni alipotaka kumsaidia alimkatalia. Aliikabidhi kwa shangazi yake kule Kagongwa, akalala huko siku moja, akarudi kwa lori.

Gulio lililofuata Maige aliingia. Alizunguka kuta za Klara, akagusa wimbi moja kwa kidole, akakaa kwenye kigoda, akakohoa, akaimba kwa Kisukuma huku Selestine akigeuza kwa Kiswahili na kupiga taipureta:

*Masunga wa Kagongwa, miguu ya korongo,*
*ulikuja Geita na kijiji kizima,*
*ukarudi kwenu na mbwa.*

Taipureta ikanyamaza.

"Mbona huandiki?"

"Huyo ni baba yangu."

"Kwani nimesema ni baba wa nani? Andika."

Akaandika. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina la baba yake kwa herufi za mashine, na alilitazama kitambo, likiwa jeusi na zima, miguu ya korongo na yote. Kisha, kwa sauti ambayo Mageni hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, Mwalimu akaanza kuimba. Yalikuwa majibu ya Masunga, mistari michache iliyowahi kuvuka mashamba ikamfikia bwenini, juu ya manju mmoja wa Wagalu aliyetapika pombe mbele ya wakwe zake.

Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama mlangoni. Mmoja akaingia, akanywa maji mtungini, akabaki.

Maige alisikiliza mpaka mwisho, kidevu kikiwa juu ya fimbo.

"Uongo mtupu," akasema. "Walikuwa si wakwe, walikuwa majirani. Uweke. Lakini uweke chini ya wangu."