Mabega ya Fundi

Kila alfajiri, kabla ya kufungua duka lake la ushonaji, Fundi alisukuma meza ya kukatia hadi ukutani, akaisimamisha simu juu ya cherehani moja iliyofunikwa, kisha akaanza kuruka. Ndani ya simu alikuwamo mwanamke mwenye tumbo lililonyooka kama ubao wa kupigia pasi, ambaye wafuasi wake wote walimwita Kocha. Kocha aliruka huku anaongea, jambo ambalo Fundi, mwenye miaka arobaini na tisa na magoti yenye maoni yao wenyewe, hakuliweza hata siku moja.

"Nakuona wewe!" Kocha alipaza sauti akinyoosha kidole. "Ndiyo, wewe! Usikae!"

Na Fundi, aliyekuwa amekaa, aliinuka.

Tusimcheke. Au tumcheke kidogo tu, maana hata mwenyewe alijicheka, akijishika mbavu katikati ya vitambaa vya watu. Majirani nao hawakumwacha. Mzee wa viatu, aliyeshona soli nje ya mlango wa pili, alimwambia waziwazi: "Jirani, yule, mwili ndiyo kazi yake. Wewe kazi yako kukaa. Ukimfuata utateguka kiuno, na yeye atapata mfuasi mwingine kabla hujafika kwa daktari." Muuguzi mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi yake alimtetea Kocha kwa ukali: bila hawa watu wa mtandaoni, alisema, yeye asingeinuka kitandani siku zake za mapumziko. Fundi aliwasikiliza wote wawili akiwa na pini mdomoni. Pini mdomoni ni kisingizio kizuri sana cha kunyamaza.

Ukweli ni kwamba hakumfuata Kocha kwa ajili ya tumbo. Alimfuata kwa lile neno moja, nakuona.

Kwa miaka ishirini na miwili duka lile lilikuwa na cherehani mbili zinazotazamana, moja yake na moja ya dada yake mkubwa, aliyemwita Dada tu. Walikula pamoja, wakagombania mkasi pamoja, na wateja waliozoea kuwasikia wakibishana walisema pale mtu hununua gauni na kupewa maigizo bure. Halafu Dada, akiwa na miaka hamsini na miwili, watu wameshamkatia tamaa na yeye mwenyewe ameshazoea, akapata mchumba. Dereva wa lori mstaafu, mgane, mtu wa sauti ya upole. Fundi alimshonea gauni la harusi kwa mikono yake, akamtania, akamlilia. Dada akaifunika cherehani yake kwa kitambaa cha maua, akahamia mji mwingine. Hakuna aliyekosea. Fundi alitafuta sana wa kumlaumu akamkosa, na upweke wa namna hiyo ni mzito zaidi, kwa sababu huna hata wa kumnunia.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wangeweza kuongeza kwamba fundi wa nguo hajipimi mabega. Mkono utajipima, kiuno utajipima, kifua utajipima ukijidanganya kidogo kwa pumzi. Lakini mabega hupimwa kwa nyuma, mfupa mpaka mfupa, na mkono wa mtu haufiki huko. Kila mwisho wa mwaka Dada ndiye aliyempima, akimpiga kofi mgongoni: "Usisimame kama askari, mdogo wangu. Legea." Ukurasa wa mwisho alioandika Dada ulikuwa wa miaka minne nyuma. Vipimo vya wateja huandikwa kwa penseli, maana miili hubadilika. Dada, kwa ubishi wake, vya mdogo wake aliviandika kwa wino. Tangu hapo Fundi alijishonea kwa namba zile zile za zamani. Alikuwa amekonda, nguo zikampwaya, naye akaendelea kukata vile vile.

Sasa Kocha alikuwa ametangaza mazoezi ya wiki nane, na kila Jumatatu wafuasi wamtumie vipimo vitano: mkono, kifua, kiuno, nyonga, mabega. Wengine walituma namba za kukisia. Fundi ni fundi, hakukisia. Alijipima kwa tepu yake, akaandika kwenye daftari la duka, akaupiga picha ukurasa na kuutuma. Mistari minne ilikuwa na namba. Mstari wa mabega aliuacha wazi.

Angeweza kukopa namba ya Dada akaijaza pale. Hakuijaza. Alitaka Kocha aulize. Jibu alikuwa nalo tayari, amelirudiarudia akipiga pasi kola za watu: Sina wa kunipima, Kocha. Maneno manne tu. Baada ya hapo, aliwaza, mazungumzo yangejiendea yenyewe.

Wiki ya kwanza Kocha alijibu: "Hongera mrembo! Naona mabadiliko! Nakuona!" Chini yake vijipicha vya miali mitatu ya moto na mkono uliokunjwa msuli. Fundi alikubali kwamba wiki ya kwanza mtu huwa na mambo mengi. Wiki ya pili lilikuja jibu lile lile, na ya tatu pia. Wiki ya tano miali iliongezeka ikawa minne, na siku nzima Fundi alitembea na furaha ya ule mwali mmoja wa ziada. Ndiyo, mtu mzima.

Jumatatu ya sita alikuwa na haraka. Jumamosi iliyotangulia muuza nyama alikuwa amekuja kupimwa suti ya harusi ya binti yake, na vipimo vyake vilikuwa kwenye ukurasa unaofuata ule wa Fundi. Fundi akafunua, akapiga picha, akatuma, akaingia kazini. Jibu lilipofika alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Hongera mrembo! Kiuno kinaingia ndani! Nakuona!"

Akaifungua picha aliyotuma. Shingo kumi na tisa. Kifua hamsini. Tumbo inchi hamsini na sita. Mabega ishirini na moja na nusu. Yaani ndani ya wiki moja alikuwa ameongezeka zaidi ya inchi ishirini kiunoni na kuota shingo ya fahali, na kiuno kilikuwa kinaingia ndani. Alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Akageukia cherehani ya pili, mdomo wazi, "Dada, njoo uone huyu...", na pale palikuwa na kitambaa cha maua.

Akapiga simu. Dada alipokea kwa furaha, nyuma yake vikigonga vyombo. "Mdogo wangu! Nina wageni hapa, nikupigie baadaye?"

"Hamna kitu, Dada. Nilikuwa nasalimia tu."

Kicheko cha peke yako hakidumu. Aliitazama ile picha tena, na safari hii macho yalishuka hadi kwenye mabega. Kwa mara ya kwanza mstari ule ulikuwa umejaa, na Kocha hakuuona ulivyojaa. Basi na ulipokuwa wazi hakuuona pia. Wiki sita alikuwa amemshikia mtu jibu la swali ambalo mtu huyo hakuwa na habari nalo. Iliuma, na kilichouma zaidi ni kwamba hapakuwa na hata mtu wa kumwona akiumia.

Jumanne hakuruka. Jumatano pia hakuruka. Alhamisi simu ilikaa kabatini kutwa nzima, na Kocha, bila shaka, aliendelea kumwona.

Ijumaa akaja mke wa muuza nyama kuchukua suti ya mumewe. Ni mwanamke ambaye huanza kuongea akiwa bado barabarani. Aliingia, akalivuta daftari mwenyewe. "Hebu nione, Fundi, mume wangu ana tumbo la aina gani."

Ilibidi Fundi amsimulie. Yule mama alicheka akaegemea meza, machozi yakamtoka. "Mrembo! Ngoja nikamwite hivyo mbele ya wateja wake!" Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini hawa watu, Fundi. Binti yangu anawafuata wanne. Mmoja anamwambia asile jioni, mwingine anamwambia ale mara sita kwa siku. Namwambia, mwanangu, hao hawajui hata kama uko hai."

Alisema kwa utani. Fundi aliinamia kitufe ambacho hakikuhitaji kushonwa.

Yule mama alirudisha ukurasa mmoja nyuma. "Na huyu mwembamba ni nani? Mbona hapa pa mabega patupu?"

Fundi alikiacha kitufe. Maneno manne yaliyopigiwa pasi wiki sita yalikuwa pale pale, mdomoni, na hayakutoka.

"Mkono haufiki," alisema Fundi.

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Yule mama alimtazama, kisha akalitazama gauni la Fundi, lilivyomning'inia mwilini. "Kumbe! Mimi nilidhani ndiyo mtindo, nikasema na mimi nitakuomba unishonee hivyo." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo tepu. Geuka."

Fundi aligeuka akautazama ukuta. Mikono ya mama yule ilikuwa mizito na ya moto, na ilipotua mgongoni Fundi alikumbuka kwamba tangu Dada amkumbatie siku ya kuondoka hakuna aliyemgusa mahali pale. Alisimama wima, pumzi ameibana.

"Legea, bwana," mama alisema. "Unasimama kama uko gwaride." Tepu ikapita kutoka mfupa mpaka mfupa. "Thelathini na tisa!"

Thelathini na tisa. Mabega ya inchi thelathini na tisa hayapiti mlangoni. Mama alikuwa amesoma upande wa sentimita. Ungeigeuza tepu ungepata karibu kumi na tano na nusu, namba ile ile ya Dada. Huyu ni Fundi aliyewahi kugombana na bi harusi kwa ajili ya robo inchi. Safari hii alisema asante, akavuta daftari.

"Haya, Jumatatu umpelekee huyo Kocha wako," mama alisema, akaweka suti begani na kutoka. Alianza kumsimulia Mzee wa viatu habari za mrembo kabla hata hajashuka ngazi.

"Nitampelekea," Fundi alisema, na hakupeleka. Aliweka penseli kando, akatafuta kalamu kwenye droo ya cherehani ya Dada. Akaandika 39 kwenye mstari wa mabega. Kisha akarudi kusimama pale pale mbele ya ukuta, mgongo ukielekea mlangoni, mpaka joto la ile mikono lilipoisha.