Maji ya Imana

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Murara, mjini Goma, haikulala kavu hata siku moja. Nasema kavu kwa maana ya kavu kwelikweli, bila maji ndani. Jua likianza kushuka, Nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa mama, alichukua kikombe chake cha bati, akakijaza, akakiweka karibu na mlango na kukifunika kwa kisahani. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata kama amekabwa na ugali. Yalikuwa maji ya Imana.

Imana ni Mungu kwa Kinyarwanda. Wazee wa Rutshuru, alikozaliwa Nyogokuru, walisema Imana hushinda kutwa akizunguka nchi za watu, lakini jioni hurudi kulala kwetu. Na akirudi hapumziki. Usiku ndipo anapofinyanga watoto matumboni mwa mama zao, na mfinyanzi gani anaweza kazi bila maji? Nyumba isiyo na maji anaipita. Mimi ni kitinda mimba, nilizaliwa mama akiwa amekwisha kukata tamaa, na Nyogokuru hakuchoka kunikumbusha kwamba nilitokana na kikombe kile. Nikimjibu vibaya aliniambia udongo wangu ulikosa maji kidogo.

Sasa, aliyekuwa akiyabeba maji hayo ni nani? Mimi hapa. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, kisima huchimbi. Unateremka ziwani na bido la njano, yaani dumu, unapanda nalo mgongoni, kamba imekukata paji la uso. Na nyumba yetu ilikuwa na dini nyingi kuliko vitanda. Papa, dereva wa lori, alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Maniema, alihitaji maji ya kutawadha. Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, na juu ya kabati alitunza chupa ya maji ya baraka aliyoipata kanisani siku ya Pasaka. Nyogokuru naye alikuwa amebatizwa, jina lake la kanisani Veronika, na misa hakukosa, ila kikombe chake hakukiacha. Hawakugombana. Papa alikuwa na msemo wake, kila mutu na magoti yake, na mambo yakaishia hapo. Mimi utakatifu sikuuona popote. Nilichokiona ni mgongo wangu.

Siku moja nilinung'unika kwa sauti. Nyogokuru akanikalisha chini, akaniambia kwamba Imana akimaliza kufinyanga, maji yanayobaki anayapeleka mlimani Nyiragongo, akawapoze waliomo. Waliomo sote tuliwajua: ni wafu walioishi vibaya, wachawi na wauaji, wanaoungua ndani ya ule moto uliokuwa ukilitia anga wekundu juu ya mlima. Watu wema hupelekwa mlima Karisimbi, kwenye baridi na mawingu. Tangu siku ile nilibeba bido bila neno. Ni vigumu kulalamika ukijua unawapelekea maji watu wanaoungua.

Nilipotimiza miaka kumi nikaanza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista wetu tulimwita Mwalimu Boniface, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, na niseme haki yake, alikuwa mwema, alitupenda na kuzihofia roho zetu. Siku hiyo alituuliza nyumbani kwetu kuna nini cha mizimu. Mmoja akataja hirizi, mwingine akataja pembe iliyofichwa juu ya dari. Mimi, kwa kujitia mkweli, nikataja kikombe.

Hakukasirika. Aliniuliza taratibu kama Mungu ana kiu. Wenzangu wakacheka mpaka benchi likatikisika. Akasema, "Mungu hana kiu. Mwenye kuchanganya mambo ya Mungu na ya mizimu, moto ni wake." Kisha akanieleza kwamba sitapokea komunyo maadamu kikombe kile kiko mlangoni.

Kanzu nyeupe mama alikuwa amekwisha kunishonea. Jioni ile, Nyogokuru alipoingia chumbani baada ya kuweka kikombe, nilikifunua nikayamwaga maji nje juu ya mawe. Sasa mimi ni mtu mzima, naweza kusema ukweli wote: nusu ilikuwa imani, nusu ilikuwa mgongo. Nililala vizuri sana.

Kesho yake asubuhi mlima ulipasuka.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na sisi watoto tulikuwa tumezoea bunduki mpaka tukazijua kwa milio. Kwa hiyo ardhi ilipotikisika na ngurumo ikasikika upande wa Kibati, wengi walidhani vita vimerudi. Kisha majivu yakaanza kudondoka juu ya nguo zilizoanikwa, na watu wakapita mbio wakisema lava inateremka. Papa alikuwa safarini Masisi na lori lake. Kufikia alasiri mama alikuwa amefunga godoro na sufuria, mimi amenitwika kifurushi cha nguo, akasema twende Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, walikokuwa wanakimbilia wote.

Nyogokuru akakataa. Lava hakuiogopa, aliwahi kuiona nyingine ya zamani kule Kibati akiwa bado na nguvu zake. Alichokataa ni kuiacha nyumba kavu. Imana anarudi jioni, alisema, na leo kuliko siku zote nyumba hii inamhitaji. Akaenda kwenye kikombe, akakikuta kitupu. Akanitazama. Akainua bido, nalo tupu, kwa kuwa asubuhi ile hakuna aliyethubutu kwenda ziwani. Birika la Papa, tupu. Basi akaketi kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, akatuambia tutangulie sisi, yeye atangoja apite jirani mwenye maji.

Mama alimbembeleza. Akamvuta mkono, akalia, akamtajia watakatifu wote anaowajua. Nyogokuru alikuwa kikongwe, mifupa na ngozi, lakini siku ile usingemsogeza hata kwa lori la Papa. Barabarani watu walizidi kupungua, na juu ya mapaa ya jirani moshi mweusi ulikuwa unakuja upande wetu. Mimi nimesimama na kifurushi kichwani, najua ninachokijua.

Ndipo mama akaingia ndani, akatoka na ile chupa ya maji ya baraka. Akakifungua kizibo kwa meno, akamimina yote ndani ya kikombe cha Imana mpaka tone la mwisho. Akakiweka mahali pake mlangoni, akakifunika kwa kisahani.

"Nyumba si kavu tena, Mama," akasema. "Sasa simama."

Nyogokuru akasimama. Tukaenda.

Njia nzima mpaka Gisenyi nilitembea na mizigo miwili isiyoonekana. Wa kwanza ni kwamba nimeuchoma mji wa Goma, mimi peke yangu, kwa kikombe kimoja. Wa pili ndio uliokuwa mzito zaidi. Mwalimu Boniface alikuwa amesema anayechanganya, moto ni wake, na mama alichanganya mbele ya macho yangu, kikombe kimoja, maji ya kanisa na desturi ya Imana. Kwa hiyo mama yangu akifa atakwenda kuungua ndani ya mlima, na mimi ndiye niliyempeleka. Kama kuna mtu anadhani watoto hawana mawazo makubwa, amesahau utoto wake.

Siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye uwanja wa shule pamoja na maelfu ya wengine, mama alikwenda kupanga foleni ya chakula. Nikamwambia Nyogokuru yote, kuanzia katekista mpaka mawe niliyoyamwagia maji. Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni.

Alicheka. Alicheka huku ameshika ubavu, mpaka watu waliopoteza nyumba zao wakageuka kututazama. Akanieleza kwamba habari ya maji kupelekwa mlimani aliitunga yeye mwenyewe, siku ile ile, kwa sababu nilikuwa nanung'unika sana. Wazee hawakuwahi kusema kitu kama hicho. Nilifarijika, halafu nikakasirika, maana nilikumbuka mabido yote niliyoyapandisha kimya kimya.

Nikamwambia basi katekista amesema Mungu hana kiu.

"Na pa musalaba alisema nini?" akaniuliza.

Jibu nililijua, tulikuwa tumelisoma kwenye mafundisho. Alisema ana kiu.

Nyogokuru akanifuta uso kwa kitenge chake. "Miaka yote namuwekea, hajapunguza hata tone," akasema. "Ile mayi ni ya kumuonyesha kama kuko mutu anamungojea. Hata uliimwaga, mimi nilibaki namungojea."

Hapo mzigo wa kwanza ukashuka. Wa pili sikuutaja. Niliogopa kwamba kwa swali la mama hatacheka.

Tuliporudi Goma tulikuta mtaa umegeuka mwamba mweusi, bado una joto chini ya viatu. Nyumba yetu ilimezwa yote, na kikombe, na kanzu yangu nyeupe. Jirani yetu mlevi, ambaye sidhani kama aliwahi kumwekea Mungu hata kijiko cha maji, nyumba yake ilisalia na kuku wake wote. Nyogokuru alimpongeza kwa moyo mweupe, akamwomba chumba, tukakaa kwake mpaka Papa alipotupatia mahali upande wa Lac Vert. Mlevi yule alikuwa mwenyeji mzuri kuliko watu wengi wasiokunywa. Tuliishi vizuri, tulicheka sana, hilo nalikumbuka kuliko njaa.

Komunyo nilipokea chini ya turubai, nimevaa blauzi ya kuazima. Mwalimu Boniface alikuwa amepoteza nyumba yake pia, na habari za vikombe hakuziuliza tena. Wenzangu waliomba nini sijui. Mimi niliomba jambo moja, Mungu asimpeleke mama mlimani. Jumapili iliyofuata nikaomba tena, na iliyofuata. Nilikua, nikaolewa, nikafungua meza yangu ya vitenge kule Birere, nikajua vizuri kabisa kwamba ndani ya Nyiragongo hamna wafu, na bado niliomba. Mdomo ulikuwa umezoea, na moyo nao haukuwa na hakika.

Yote haya yamenirudia kwa sababu ya mwanangu Espoir. Anasoma sekondari hapa mjini, na mwezi uliopita alikuja na neno jipya alilolipata kwenye simu: Thelema. Nikamuuliza kama ni dawa. Akanieleza kwa uvumilivu kwamba ni imani iliyoanzia Ulaya, inafundisha kwamba kila mtu ana njia yake ya kweli aliyozaliwa nayo, na kazi yake duniani ni kuitambua na kuifuata. Imemgusa. Lakini misa anaipenda, na Ramadhani hufunga siku chache kwa heshima ya babu yake, na Mungu aliye moyoni mwake, alisema, hafanani na yeyote kati ya hao wanaohubiriwa. Alitaka kujua kama mtu anaweza kuvishika vyote asiwe mnafiki. Aliniuliza mimi, muuza vitenge, na uso wake ulikuwa mzito. Nilimwonea huruma, na nilimpenda sana dakika ile.

Tulikuwa kwa mama, Lac Vert, naye ameketi anachagua maharage. Nyogokuru alikwisha kututangulia miaka mingi, na mimi namweka Karisimbi, ingawa padri alimsomea mengine. Badala ya kumjibu Espoir, nikamsimulia kisa hiki. Nilipofika kwenye chupa ya maji ya baraka nikaacha kusimulia. Nikageuka nikamuuliza mama swali ambalo nilikuwa nimelikalia tangu uwanja wa shule: kama aliwahi kuliungama jambo lile.

Mama hakuinua kichwa. "Niungame nini?" akasema. "Mama yangu alitaka kubakia mu moto, nikamutoa."

Espoir akataka kujua kama hakuogopa kuchanganya maji ya kanisa na ya Imana. Mama akapitisha mkono ndani ya maharage.

"Niliogopa sana," akasema. "Nikamimina."

Espoir alinitazama kama mtu anayengoja tafsiri. Sijui kama Thelema yake itapatana na misa. Hilo atalipima mwenyewe, na huenda apime vibaya mara ya kwanza, kama nilivyopima mimi. Akilini nilikuwa kwenye Jumapili zangu. Miaka ishirini na zaidi nimepiga magoti kwa ajili ya mama, nikimwombea msamaha ambao hakuwahi kuuhitaji, na yeye hana habari. Nikamwambia.

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani.

"Endelea tu," akasema. "Kuombewa hakuniumizi."

Basi naendelea. Jumapili bado namtaja mama kwanza, kabla ya watoto na kabla ya biashara, ila siku hizi sina ninalomwombea. Namtaja tu jina lake, kama Nyogokuru alivyoweka kikombe chake, nami natosheka.