Bosi Aliniagiza Nimuue Rafiki Yangu Ndani ya Mchezo

Bosi wangu aliwahi kuniagiza niue mtu.

Aliniambia asubuhi kweupe, mlango wazi, huku anakoroga chai.

"Yule mwanamke bado yumo humo ndani," akasema, akiielekezea kidole kompyuta yangu. "Mtafute kila kona. Ukimkuta, muue."

Kabla hamjakimbilia polisi, tulieni. Aliyetakiwa kufa alikuwa wa kuchorwa. Roho mbaya ya bosi ndiyo haikuwa ya kuchorwa.

Kampuni yetu ilikuwa inatengeneza michezo ya kwenye simu na kompyuta. Nasema kampuni ili kulinda heshima. Vilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, ila bosi akiwepo ilibidi tupaite makao makuu.

Yeye tulimwita Maono.

Kuchora hajui. Kuandika programu hajui. Hata projekta alikuwa anaita mtu wa kumwashia. Ukimuuliza kazi yake hasa ni ipi, anajigusa paji la uso na kusema, "Mimi natoa maono."

Haya, baba.

Mchezo tuliokuwa tunautengeneza uliitwa Paa kwa Paa. Kasichana kanakimbia juu ya mapaa ya mji, kanaruka mashimo, kanakanyaga mende wakubwa vichwani. Ukikosea kuruka, kanaanguka, unaanza upya.

Kazi yangu ilikuwa kuujaribu. Nacheza kutwa nzima, namgongesha mhusika kwenye kila ukuta, natafuta kasoro. Shangazi yangu mpaka leo anaamini nilikuwa nalipwa kwa uvivu.

Sasa, sisi watu wa kazi hii tuna desturi yetu. Kila aliyeshika mchezo hujificha ndani yake.

Mwandika programu wetu alijichora kwenye dirisha la jengo la mbali, anapiga mswaki. Mtu wa sauti alimficha paka wake ndani ya tangi la maji, ukilikanyaga paka analia. Mimi nilijiweka kama mama anayeanika nguo, ukimrukia anakufokea, "Huna kwenu?"

Ndiyo saini zetu hizo. Wachezaji nao wanapenda kuzitafuta, wakizipata wanatangaziana mitandaoni.

Maono aliposikia habari hiyo, naye akataka kujificha.

Kujificha kwake kulikuwa ni sanamu la dhahabu juu ya paa la mwisho.

Akalitazama, akaona halitoshi. Akataka wingu lenye sura yake. Kisha akautaka mwezi. Jamani, tulichora mwezi wenye masharubu!

Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa rafiki yangu, tuliyezoea kumwita Fundi. Yeye ndiye aliyempa kale kasichana uhai. Kila hatua, kila mruko, alichora yeye.

"Bosi," akamwambia mbele ya watu, "jua nalo umemwachia nani?"

Tulicheka mpaka machozi. Maono hakucheka.

Mwisho wa mwezi, siku ya mshahara, Fundi akaambiwa mkataba wake umekwisha. Jina lake likatolewa kwenye majina yanayopita mwisho wa mchezo. Mahali palipokuwa na jina lake, pakaandikwa la Maono.

Fundi hakupigana. Akaomba kazi kwenye kampuni kubwa, ile ambayo kila mmoja wetu alikuwa anaiota. Mkuu wa kule, mama mmoja mkavu asiye na porojo, akampigia Maono simu kuuliza habari zake.

Maono akajibu, "Huyo simfahamu. Hajawahi kufanya kazi kwangu."

Fundi alinipigia analia. "Shoga, amenikana! Wamesema kama sina ushahidi basi mimi ni tapeli. Michoro yangu yote iko kwenye kompyuta za ofisini kwenu."

Na ulimwengu wetu ni mdogo. Ukishaitwa tapeli sehemu moja, kwingine wanakufungia mlango kabla hujabisha. Mama yake alikuwa ameshaanza kumtafutia kazi ya kupokea simu kwa binamu yake.

Siku iliyofuata ndipo Maono akaja na chai yake, kuniagiza mauaji.

Ni kweli, Fundi alikuwa amejificha mchezoni. Nyuma ya ukuta mmoja alikuwepo mwanamke mwenye kitambaa kichwani, amekaa juu ya ndoo, hana habari na mtu. Nikambonyeza, nikamfuta. Iliniuma kama nimemfukuza mimi.

"Na kwingine?" Maono akauliza. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

Tukazunguka mji mzima. Madirishani, kwenye mabango, ndani ya matangi. Mtu mzima, na mke na watoto, anakagua kamba za nguo za katuni akitafuta adui.

Mwisho akajinyoosha. "Safi. Hayumo tena."

Na mbele ya pua yake, kale kasichana kakaruka shimo.

Mkono wa kushoto kichwani, kama kanazuia kitambaa kisidondoke. Kakatua, kakaongeza kihatua kimoja cha pembeni.

Huyo ni Fundi, ndugu zangu! Fundi mzima mzima! Alikuwa anajirekodi kwa simu akiruka makopo ya rangi kwenye korido yetu, kisha anachora kwa kufuata mwili wake mwenyewe. Kitambaa chake hakijawahi kukaa vizuri. Kihatua kile ni cha kifundo cha mguu alichovunja utotoni.

Nikafunga mdomo. Mimi nilitumwa kutafuta waliojificha, na huyu hakujificha.

Ikafika siku ya kuuonyesha mchezo hadharani. Ukumbi, viti vya plastiki, skrini kubwa, nyaya zimetapakaa sakafuni. Yule mama wa kampuni kubwa alialikwa, kwa sababu Maono alitaka wausambaze mchezo wetu.

Nikampigia Fundi. "Njoo."

"Nije kufanya nini? Nichekwe?"

"Njoo akuone. Akukane ukiwa mbele yake, tumwone kama ana uso huo."

Maono alikuwa amewaalika pia wawindaji wa siri, wale wachezaji waliojipatia umaarufu mitandaoni kwa kufichua vilivyofichwa. Mmoja, jamaa mwenye miwani na sauti ya mahubiri, alikuwa ameshaandika makala ndefu kwamba mwezi wenye masharubu ni ishara ya baba asiyekuwepo.

Ni Maono tu, kaka. Baba aliyekuwepo kupita kiasi.

Maono akashika maikrofoni. "Nani atanitajia siri za mchezo huu?"

Wakazitaja. Sanamu: Maono. Wingu: Maono. Mwezi: Maono. Kila ikitajwa anainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama bibi harusi.

Mlango ukafunguliwa. Fundi akaingia, amechelewa, anapita pembeni asionekane. Njiani kukawa na rundo la nyaya.

Akaruka.

Mkono wa kushoto ukaenda kichwani. Akatua, akaongeza kihatua.

Mwenye miwani akasimama ghafla, kiti kikaanguka. "Dada! Hebu rudia!"

"Nirudie nini?"

"Kuruka! Tafadhali, ruka tena!"

Fundi akanitazama. Nikamkubalia kwa kichwa. Akaruka, na kwenye skrini nyuma yake kale kasichana kakaruka vilevile, mkono uleule, kihatua kilekile.

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga kelele, wakatoa simu, wakamwomba arudie tena na tena. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, wala sioni aibu kusema.

Nikamgeukia Maono. Uso ulikuwa umemshuka. Hapo angekaa kimya, au angesema ni bahati tu, watu hufanana, labda leo angekuwa bado na heshima yake.

Lakini makofi yalikuwa yanapigwa, na hayakuwa yake. Mtu yule hawezi kuvumilia jambo hilo.

"Mmeipata!" akapaza sauti kwenye maikrofoni, akamwendea Fundi mikono wazi. "Siri kubwa kuliko zote! Wazo langu hili! Nilimwambia huyu binti, mhusika mkuu atembee kama wewe!"

Yule mama mkavu akanyanyua mkono. "Kwa hiyo unamfahamu?"

"Namfahamu? Mama, huyu nimemlea mimi! Muda wote aliokuwa kwetu, kila mchoro wake nimeusimamia."

"Alichora yeye?"

"Yeye, kwa maono yangu."

"Asante," mama akasema. "Maana nilipokupigia simu, uliniambia hajawahi kufanya kazi kwako."

Mwenye miwani akashusha simu yake.

Maono akajishika masharubu. "Ile simu... mtandao ulikuwa mbaya siku ile."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena maishani mwangu. Chekeni nanyi, ruksa.

Mama akamwambia Fundi, "Jumatatu njoo ofisini, tuzungumze mshahara." Akachukua mkoba wake, akaondoka. Kwa Maono hakuaga. Mchezo wake hawakuusambaza, na mimi nikaacha kazi kabla ya kusubiri kufutwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Maono ilikuwa fupi zaidi, kwa sababu aliikimbia mwenyewe.

Funzo langu ni hili, hasa kwenu mabosi mnaokula jasho la watu. Ukiamua kumkana mtu, mkane mpaka mwisho, hata siku anayopigiwa makofi. Kama hamliwezi hilo, na najua hamliwezi, basi mpeni haki yake mapema.