Matofali ya Honor Tallon

Hapa Dublin hakuna anayeujua mfereji wa mashua kunishinda mimi, Gus Brannock, na asiyeamini aniulize. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha. Hatujapatana hadi leo nani alianza. Lakini mfereji nimeusoma. Ndiyo maana nyumba ya mfungua malango ilipogeuzwa makumbusho, kamati ilinijia mimi kutafuta maelezo ya kuandika.

Kwa hiyo nilishtuka kidogo Dympna Tallon aliponiambia, "Gus, nipeleke nikaione nyumba yetu. Jumatatu nahamia kwa binti yangu, mji wa Cork, wala sirudi. Nataka kuona kama wameliweka jina la mama."

Dympna ana miaka themanini na minne, na hanifiki kwapani. Baba yake, Bartle, ndiye aliyeajiriwa kufungua na kufunga malango yanayozuia maji ya mfereji, ili mashua za mizigo zipande na kushuka. Boriti ya lango ikamvunja mgongo. Tangu hapo, miaka kumi na mitatu, kazi ilifanywa na mkewe, Honor. Daftarini lilibaki jina la Bartle, maana mwanamke asingeajiriwa, na kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda. Mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ukafunga mdomo. Sasa watu wa mtaa ule wako makaburini.

Fiachra, kijana wa makumbusho mwenye ndevu nyingi na adabu nyingi zaidi, alitupokea mlangoni. Ukutani pameandikwa: Bartle Tallon, mfungua malango.

"Na mama yangu?" Dympna akauliza.

"Alikuwa mke wake, mama. Hatuna karatasi inayosema zaidi ya hapo."

Dympna akatoka nje, mpaka kwenye boriti ndefu inayosukumwa kufungua lango. Boriti ile haisukumwi kwa mikono. Unaiegemea kwa mgongo, unatembea kinyumenyume, na ardhini kuna matofali yaliyoinuka ya kukazia visigino, yamepangwa kwa hatua ya mwanamume. Katikati yake kuna mengine, madogo. Kibao kilisema: Matofali madogo ni kazi ya fundi mlevi.

"Nani kasema fundi mlevi?" Dympna akauliza.

Fiachra akanionyesha mimi kwa kidevu. "Mtaalamu wetu."

Ni kweli. Niliwaambia hivyo kamati, wakacheka, wakaniongezea chai na kipande cha mkate wa zabibu. Uongo mtamu hupata mkate.

"Wewe Gus! Fundi alikuwa mama yangu, na kinywaji chake kilikuwa maziwa!"

"Hebu niwaonyeshe," nikasema, maana mtaalamu hasalimu amri hadharani. Nikaegemea boriti, nikapiga hatua zangu za kiume. Ya pili kisigino kikanasa kwenye tofali dogo, nikakaa kwenye nyasi zenye maji. Bata maji mkubwa mweupe akanitazama, akageuza shingo.

"Mkubwa kama fahali wa maonyesho," Dympna akasema, "na akili kaacha zizini. Pisha."

Akaweka mgongo kwenye boriti. Kisigino kwenye tofali kubwa, kisigino kwenye dogo, kubwa, dogo. Hakutazama chini hata mara moja. Kwa muda boriti haikutikisika; yeye akabaki amejilaza pale, akingoja. Kisha lango likaguna, likasogea. Fiachra alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo. Hatua kumi na moja, matofali kumi na moja, na hakuna hata moja lililomkosa.

"Kimo cha mama ni hiki hiki changu," alisema akihema. "Hiyo ndiyo karatasi yako, mwanangu."

Kijana akainama, akalishika tofali la mwisho.

"Ninaamini," alisema. "Lakini kamati wataniambia mtaalamu alisema fundi mlevi. Bwana Brannock, itabidi uandike kwamba haikuwa kweli."

Mimi! Mimi ambaye neno langu halijawahi kurudishwa tangu hapa mpaka baharini! Nikamtazama Dympna, nikitumaini atacheka, aniachilie. Hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado juu ya boriti.

Nikaingia ndani, nikakaa kwenye meza ya Honor, nikachukua kalamu. Dympna akasimama nyuma yangu akisoma juu ya bega.

"'Nilidanganya' umeikosea herufi, Gus," akasema. "Utadhani hujawahi kuifanya."

Nikaiandika upya, kwa herufi kubwa.