Rambirambi Zangu kwa Kocha wa Japani

Afadhali niseme mwenyewe. Kazi yangu hapa mjini Barking, Uingereza, ambayo bado ni ya majaribio, ni kutazama video za mazoezi kutoka Japani, ambako vijana wa Kimarekani wamekwenda kupata uzoefu wa besiboli, kisha kuandika muhtasari. Kila video ilianza kocha wao mzee akiwa tayari anawafundisha. Wiki iliyopita akatoweka.

Kwa siku tatu video zilianza na uwanja mtupu. Vijana waliingia mmoja mmoja, wakavua kofia na kuuinamia ule utupu. Nilisikia pumzi tu, nzito, karibu kabisa na kamera.

“Kocha amefariki,” nilimwambia bosi wangu, Dada Mwanaidi.

“Una hakika, mdogo wangu?”

“Wanainamia pale alipokuwa akisimama.”

Akatuma rambirambi kwa timu nzima, na jina langu akaliweka chini.

Jana asubuhi aliniita mbele ya kompyuta yake. Kijana mmoja wa Kimarekani alikuwa hewani kwa simu ya video kutoka uwanjani, akijizuia kucheka.

“Huku tunauinamia uwanja kila siku kabla ya kucheza. Ni heshima tu. Mpiga picha wetu anaumwa, kwa hiyo kamera anashika kocha, naye huiwasha mapema.”

“Haya,” Dada Mwanaidi akaniambia, “msalimie marehemu wako.”

Kamera ikageuka taratibu. Uso wa mzee ukajaa kioo chote, ile pumzi nzito ikasikika tena. Akavua kofia, akaniinamia.