Tulinagwe na machozi ya Ufilipino

Alhamisi, tarehe 15 Mei 2025. Manyunyu tangu alfajiri, baridi, na Mlima Rungwe haukuonekana siku nzima. Saa nane na dakika kumi mchana, akina mama wa kanisa letu hapa Kawetele wakiwa bado wanakung'uta matope ya viatu mlangoni kabla ya ibada yao ya wiki, video iliingia kwenye simu yangu kutoka Ufilipino.

Ilitoka kwa Lusungu, binti wa Tulinagwe. Lusungu alikwenda huko Agosti mwaka jana kusoma kozi ya umisheni ya miezi tisa, na Jumamosi hii angehitimu. Tulinagwe, mama yake, aliyekuwa pale mlangoni na wenzake, anatumia simu ndogo ya vitufe isiyopokea picha, kwa hiyo habari zote za mtoto hupitia kwangu, mimi katibu wa kwaya na jirani yao.

Video ilikuwa ya sekunde arobaini na saba. Lusungu amesimama kwenye uwanja wa nyumba ya bati, watu wa mtaa wamemzunguka, wanaimba. Mbele yake yuko mwanamke mfupi mwenye nywele za kijivu pembeni, yule aliyempangisha chumba na kumlisha muda wote huo. Anaitwa Perla, lakini Lusungu humwita Nanay, maana yake mama kwa lugha ya kule. Mwanamke yule alimshika Lusungu mashavu, na Lusungu akalia. Hakulia kistaarabu. Alilia mabega yakitikisika, akamwangukia yule mwanamke shingoni mpaka wote wawili wakayumba.

"Mbona analia hivyo?" Tulinagwe aliuliza.

"Anaagwa," nilimjibu.

"Najua anaagwa. Nauliza mbona analia."

Agness, ambaye shamba lake linapakana na la Tulinagwe na ambaye mdomo wake hauna mlango, aliinamia simu. "Jamani, Lusungu! Hapa si aliondoka jicho kavu kama mtu anayekwenda gulioni? Kumbe machozi alikuwa nayo, anayatunza!"

Akina mama walicheka. Tulinagwe hakucheka. Aliniambia nirudishe video, nikarudisha. Aliitazama mara nne, kisha akaingia kanisani na kukaa benchi la mwisho, mahali ambapo si pake.

Tulinagwe alizaliwa hapa hapa mwaka 1971, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Obed, mchuma chai. Walipata wavulana wawili, sasa wako Chunya na Mbeya, na baada ya muda mrefu wakampata Lusungu. Obed alifariki mwaka 2006. Siku ya maziko Tulinagwe alilia mpaka akazimia kando ya kaburi, na Lusungu, mwenye miaka sita, aliona. Mtoto akagoma kula siku mbili. Kwa wiki nzima alimfuata mama yake akiwa ameshika pindo la kitenge, mpaka chooni.

Tangu hapo hakuna aliyemwona Tulinagwe akitoa chozi. Mwaka 2015 aliteleza na mkungu kichwani akavunjika mkono. Wakati anavutwa mfupa urudi mahali pake, alikuwa anamuuliza muuguzi kama kwao wamekwisha kupanda maharage. Ana migomba eneo kubwa, miti kumi na mmoja ya parachichi na ng'ombe mmoja wa maziwa. Lusungu alisoma mpaka kidato cha sita kwa ndizi hizo. Kuimba alifundishwa na mama yake, sauti ya pili, wakipalilia.

Wivu ulianza Oktoba, na ulianza kwa ndizi. Lusungu alituma ujumbe wa sauti akisema Nanay Perla hukaanga ndizi kwa sukari ya kahawia, akazichoma kwenye vijiti, na kwamba ni ndizi tamu ambazo hajawahi kula.

"Hajawahi kula?" Tulinagwe aliniuliza mimi, kana kwamba ndimi niliyesema. "Amekulia ndani ya migomba, leo hajawahi kula?"

Novemba Lusungu akashikwa na homa, Nanay akakesha naye. Tulinagwe alimshukuru Mungu kwanza. Halafu akauliza mgonjwa alipewa uji gani. Nikamwambia wa mchele. "Uji wa mchele kwa mtu mwenye homa," alisema, akatikisa kichwa njia nzima hadi kwake. Januari ikaja picha ya sikukuu ya kuzaliwa ya Nanay, Lusungu amevaa gauni jipya alilomshonea. Tulinagwe alinitaka niikuze picha hadi chini kabisa. "Pindo limepinda," alisema. Kisha akauliza mwenye sikukuu anatimiza miaka mingapi. Arobaini na minane, nilimjibu.

"Wa sabini na saba huyo. Mimi wa sabini na moja. Nimemzidi sita." Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda kesi, na siku ile aliondoka na furaha.

Basi Alhamisi hiyo ya manyunyu, ibada ya akina mama ilipokwisha, simu yangu iliita tena. Safari hii yalikuwa maandishi, nikamsomea Tulinagwe neno kwa neno:

"Mama, shikamoo. Jumamosi kwenye mahafali kila mzazi ataonekana ukutani kwa video ya dakika moja akimshukuru aliyemlea mwanawe huku. Tuko kumi na wanane. Ujumbe ufike kesho kabla ya saa nne asubuhi kwa saa za nyumbani. Ambaye mzazi wake hakutuma atasimama mbele na ukuta utabaki mweupe. Tafadhali mama. Nanay anausubiri kuliko hata mimi. Mimi nitamtafsiria."

"Anausubiri," alirudia Tulinagwe. "Anataka nimshukuru kwa kumliza mtoto wangu."

Lakini alikubali. Saa kumi nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa amevaa sare ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Agness alikuja bila kuitwa, akashika mwavuli juu ya simu yangu. Tulinagwe alisimama mbele ya migomba, mikono imeshuka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikamwashiria aanze.

"Mama Perla," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa Lusungu. Nilimzaa siku ya mvua, nikiwa nimetembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Tukuyu. Nilimnyonyesha miaka miwili. Surua nilimuuguza mimi. Darasa la kwanza nilimpeleka mimi. Kuimba nilimfundisha mimi. Wewe umekaa naye miezi tisa. Hata mimba ni miezi tisa, lakini mimba ina uchungu. Nashukuru. Jumanne apande ndege."

Akafunga mdomo. Mwavuli ulikuwa unatikisika. Agness alikuwa anacheka kwa kujizuia.

"Mama Lusungu, hiyo ni shukrani au hati ya mashtaka?"

"Nimesema nashukuru. Hukusikia? Katibu, tuma."

Sikutuma. Nilisema mtandao unasumbua.

"Wewe ni mtu wa kanisa," aliniambia. "Usinidanganye."

Nikamwambia kweli: kwamba video ile ikionyeshwa ukutani mbele ya watu wote wale, atakayeaibika si Perla, bali Lusungu, maana ndiye atakayesimama pale kuitafsiri, sentensi kwa sentensi.

Alikaa kwenye kigogo kilichoko mlangoni pake. Halafu akasema, si kwangu wala kwa Agness, "Miezi tisa tu, analiliwa namna ile. Mimi sikupata hata tone moja. Aliniaga kama anamuaga kondakta."

Hapo nilikwenda nyumbani kuchukua daftari la kwaya. Huwa naandika kila tukio siku hiyo hiyo, kwa sababu baadaye watu hubishana. Nilirudi, nikafungua ukurasa wa Agosti, nikasoma:

"Jumapili, 11 Agosti 2024. Umande mwingi, jua la saa tatu. Ibada ya kumuaga Lusungu. Kwaya imeimba nyimbo tatu. Mama yake amemvisha kitenge mbele ya madhabahu, akamwambia: Ukilia mbele ya watu hawa, safari naifuta. Mmisionari halii. Lusungu hakulia."

Tulinagwe alinitazama. "Niliyasema hayo?"

"Uliyasema," alidakia Agness. "Tena ulimkazia macho kama mwalimu wa zamu. Mtoto midomo ilikuwa inamcheza, akaing'ata. Mimi mwenyewe niliogopa kulia, na siyo mimi niliyekuwa nasafiri."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alifuata mistari kwa kidole, ingawa daftari lilikuwa mkononi mwangu na yeye alikuwa anaitazama kichwa chini miguu juu.

"Basi nilisema," alikubali. "Lakini si angeacha kunitii? Siku moja tu. Mtoto aliyekosa utii kwenye kufagia, akakosa kwenye kuteka maji, akakosa kwenye kulala mapema, akaja kutii hapo?"

Tulinagwe aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kukamua. Jioni niliandika: ujumbe haujatumwa.

Ijumaa tarehe 16 mvua ilikuwa imekatika na mlima uko wazi mpaka kileleni. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi nilisikia hodi. Alikuwa Tulinagwe, amevaa mabuti na nguo za shamba, kitambaa cha kichwani kimefungwa upande. Sare hakuvaa.

"Washa hiyo simu," alisema.

Nilimwuliza kama hataki kwanza nimpangie maneno.

"Washa."

Nikawasha. Alisimama pale pale mlangoni kwangu, nyuma yake ukuta na jembe langu.

"Perla," alianza. "Ndaga fijo. Lusungu atakwambia maana yake, ni asante ya kwetu, ile kubwa. Wewe umezaliwa sabini na saba, mimi sabini na moja. Basi wewe ni mdogo wangu. Lusungu, umesikia? Huyo ni mama yako mdogo. Ukirudi hapa usiniambie Nanay, useme mama mdogo. Mdogo wangu, umeniuguzia mtoto nikiwa mbali. Umemshonea na gauni. Siku moja uje Kawetele nikupikie mbalaga, ndizi na nyama, chungu kizima. Hatutii sukari."

Nilimwonyesha vidole viwili: sekunde ishirini zimebaki. Alivuta pumzi.

"Lusungu. Yale niliyokwambia Agosti nimeyafuta. Mlilie mama yako mdogo, umlilie vizuri, anastahili. Ila machozi usiyamalize. Mengine uje nayo stendi ya Tukuyu, mimi nitakuwepo."

Nilizima. Alitaka kujiona. Alijitazama hadi mwisho, akasema, "Mbona nimekunja uso?" Nikamwambia ndivyo alivyo. Tukatuma saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja.

Hatukusubiri sana. Kabla ya saa moja Lusungu alirudisha ujumbe wa sauti wa sekunde tisa, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja. Tulinagwe aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Akataka tena.

"Ni yeye," alisema. "Analia kama baba yake, anavuta pua mwishoni."

Nilidhani ataondoka. Alisimama tu akitazama daftari langu mezani.

"Zile ndizi za vijiti. Oktoba alisema zinakaangwaje?"

Nikatafuta ukurasa, nikamsomea: ndizi iliyoanza kuiva isiyolegea, mafuta mengi, sukari ya kahawia iingie mafuta yakiwa moto, igeuzwe mpaka sukari ishike. Aliniuliza kama sukari nyeupe inafaa. Sikujua. Alipita dukani, akachukua robo ya sukari na mafuta ya kupima, akarudi nyumbani kwake, akakata chane kwenye mkungu uliokuwa ukiiva jikoni.

Nilimfuata, na Agness akanusa moshi akaja. Ndizi ya kwanza iliungua ikawa nyeusi kama mkaa. Ya pili sukari iliganda upande mmoja tu. Ya tatu ilitoka na rangi ya udongo mwekundu, inang'aa. Tulinagwe alichonga kijiti cha mwanzi kwa kisu cha jikoni, akaichoma, akaipuliza, akaila yote akiwa amesimama, bila kumpa mtu.

"Vipi?" Agness aliuliza.

"Tamu kupita kiasi," alisema Tulinagwe, akamenya nyingine.