Triko Lililotumwa Kamango

Wiki iliyopita nilipanda kutoka Beni kwenda Butembo na, rafiki yangu, nilikuwa nimesahau kabisa baridi ya kule. Tuliposhuka kwenye gari, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati, na mwanangu akaanza kutetemeka. Nikamnunulia triko sokoni, sweta jipya, ndani ya mfuko wa plastiki. Muuzaji alipolinyoosha kifuani kwa mtoto kupima urefu, nilijiona nimekaa tena kwenye kibao cha jikoni kwa koko wangu, mama wa mama yangu, hapohapo Butembo, mikono yote miwili mbele, nimeshikilia uzi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila Jumamosi. Koko alinunua matriko makuukuu ya mitumba, akayafumua, akaufua uzi wake, kisha akauweka juu ya mvuke wa sufuria ya maharagi mpaka unyooke. Halafu aliuzungusha mikononi mwangu na kuuviringisha kuwa donge. Nyumba nzima ilinukia sabuni, kuni za mkaratusi na majani ya puaro, kile kitunguu cha majani. Sindano zake za kufumia zilikuwa rayo, zile spoki za gurudumu la kinga, baiskeli ya marehemu mume wake, alizozinoa kwenye jiwe. Ikifika Noeli, kila mtoto na kila mjukuu alikuwa na triko lake. Zawadi ya dukani hakuitambua kuwa zawadi.

Mmoja tu alikuwa hapati: mjomba wangu, kitinda mimba wake. Alikuwa ameshuka Kamango, bondeni kwenye joto, kununua kakao, barabara ikaharibika kwa vita, naye hakurudi. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta habari.

Basi, msimu mmoja wa mvua, akabisha mtu tusiyemjua.

“Mutoto wenu iko muzima,” alisema. “Anafanya kazi mu mashamba ya kakao, kule karibu na mupaka. Alinituma niwasalimu.”

Mama alipiga magoti palepale mlangoni. Koko alibaki anatazama viatu vya mgeni. Mgeni alipoondoka, nilimsikia koko akinung’unika, “Mutu anatoka mu potopoto ya Kamango, na viatu yake inangaa, haina hata tope?”

Mgeni alikuwa amekula bugali wetu na sombe ya majani ya muhogo, akataja kovu la mjomba na jinsi anavyopenda kuimba. Mambo ambayo, koko alisema, mtu yeyote angeweza kuyaokota sokoni. Lakini mama alimfungia maharagi, sabuni na suruali ampelekee kaka yake. Mgeni akarudi, na akarudi tena. Kila mara mjomba alikuwa na shida mpya. Mama alikuwa akiimba akifagia, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu. Koko alikuwa akisema, “Sikio haina meno. Inameza tu.”

Siku moja mgeni alisema kwamba mjomba anaugua homa, inamtetemesha hata kwenye joto la kule. Kesho yake koko akaanza kufuma triko la mwanamume, rangi ya kahawa. Mama alifurahi mno: mwishowe mama yake ameamini.

Mimi nilikuwa nimeshika uzi, nikaona. Koko alipofika shingoni hakuacha tundu. Aliunganisha mbele na nyuma kwa uzi uleule mpaka hata ngumi isingepita.

“Koko, kichwa itapita wapi?”

“Nyamaza, mutoto. Wewe shika uzi.”

Akalikunja, shingo kwa ndani, akalifunga kwenye kipande cha kitenge na kumkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

Mvua zilikuwa zimepungua aliporudi. Safari hii koko mwenyewe alimmiminia kahawa.

“Triko ilimufikia?”

“Ilifika, koko! Alivaa palepale mbele yangu. Ilimuenea muzuri, mpaka akalia.”

Koko hakupandisha sauti. “Na kichwa yake, aliipitisha wapi?”

Mgeni alicheka kidogo, akatutazama mmoja mmoja. “Namna gani, koko?”

“Nilishona shingo. Mutoto wangu angecheka kwanza. Angekutuma uniulize kama macho yangu imekufa. Sasa sema: uliiuzisha wapi?”

Yule mtu aliweka kikombe chini. “Alikata uzi na kisu,” alisema polepole. “Alikata tu. Sikuona ni jambo la kusema.” Kisha akasimama, akashukuru kwa Kinande, “Wasingya,” akatoka. Hatukumwona tena.

Mama ndiye aliyepasuka. “Donc, basi umefunga njia! Hata kama ilikuwa bongo, ile uongo yake ilikuwa inaniletea kaka yangu!”

“Mimi nilizala mutu,” koko akamjibu, “hapana habari.”

Tangu hapo waliishi nyumba moja kama watu wanaopishana sokoni. Kwa miaka mingi mama alikwenda kwenye kituo cha magari kuwauliza wachuuzi wa Kamango kama wamemwona mwanamume mwenye triko la kahawa lililokatwa shingoni kwa kisu. Hakuna aliyemwona.

Sasa koko hayupo. Jiko lake limebomolewa, pamesimama duka la simu, na katika wajukuu wote hakuna anayejua kufuma hata mstari mmoja. Mama amezeeka. Hajawahi kusema kwamba koko alikosea, wala hajawahi kumsamehe.

Na mimi? Siku nyingine nina hakika kwamba yule mtu alikuwa akishiba kwa huzuni yetu. Siku nyingine namfikiria mwanamume mwenye homa, mbali na kwao, amepewa triko ambalo anajua ni la mkono wa mama yake, na halina pa kupitisha kichwa. Angefanya nini? Mimi ningekata.